Wanga Kwenye Maziwa ya Bibi Ndeshi

Mkinikuta nimejifunika mtandio mpaka puani napita ile njia ya kupandia Uru, msiniulize kama naumwa meno, siumwi, ni aibu tu, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, sikutumwa na mtu. Naisimulia leo kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia na kuitia chumvi (wapo wanaosema nilikimbia mpaka kiatu kikabaki kwenye tope, sikukimbia, nilitembea, na viatu vyangu vyote nilikuwa navyo). Chekeni mkitaka. Mimi nilishamaliza kucheka.

Kazi yangu mnaijua. Nazunguka shule za msingi, kuanzia hapa mjini Moshi mpaka huko juu migombani, na sanduku la vifaa, nawasaidia walimu kufundisha sayansi ya kushika na kuona kwa macho, siyo ile ya kunakili ubaoni, mtoto anaandika "sumaku" mwaka hadi mwaka anamaliza shule hajawahi kuishika. Watoto wananiita Madam Sanduku. Nilikuwa nalipenda hilo jina, tena nilikuwa na maringo nalo, nikiingia shule naingia kama mtu aliyeleta umeme.

Sasa katika walimu wote niliowahi kuwasaidia, hakuna aliyeniingia moyoni kama Mwalimu Manka wa darasa la nne, katika shule moja huko juu (jina la shule naliacha, yaliyowapata kwa ajili yangu yanatosha). Manka ni mpole, akiongea lazima usogeze sikio, lakini lile sanduku alilishika hasa. Vifaa vilivyopungua alivitafuta mwenyewe, bilauri aliomba kwa majirani, mizani akatengeneza kwa vifuniko vya ndoo na kamba, na watoto waliokuwa wakisinzia kipindi cha sayansi wakawa wanamsubiri mlangoni. Mume wake anafanya kazi mpakani Holili na hurudi mara mojamoja, kwa hiyo Manka anaishi kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na mama mkwe wake, Bibi Ndeshi, mjane, ambaye mwanzoni hakuelewa kabisa mke wa mwanawe anahangaika na chupa na mishumaa anatafuta nini.

Huyo Bibi Ndeshi ana ng'ombe wake wawili anaowafugia bandani, majani anawakatia mwenyewe na umri wake ule, na maziwa yake ndiyo yanayonywewa kitongoji kizima. Chai ya walimu ni maziwa yake, padri akija kigangoni ni maziwa yake, mwanamke akijifungua watu wanamkimbilia yeye. Kahawa yake ilishazeeka, haimpi kitu cha maana. Alichobaki nacho mama yule ni maziwa na jina lake, basi.

Ikafika siku ya wazazi. Manka alipangiwa kufundisha somo mbele ya wazazi, akachagua kupima wanga kwenye vyakula: unadondosha iodini, ile dawa ya kahawia, juu ya chakula, kikigeuka bluu ya kukoza karibu nyeusi ujue kina wanga, kikibaki na ukahawia wake hakina. Somo jepesi, zuri, halina hatari yoyote (ndivyo nilivyodhani). Alikuwa na ndizi mbichi, kiazi na kipande cha mhogo, na kwa vile visivyo na wanga akaweka chumvi na ute wa yai. Bilauri zote alikuwa ameziosha, akazifunika na kitambaa cheupe kama vyombo vya altareni. Na Bibi Ndeshi mwenyewe alikuja kumwona mkwewe akifundisha, mara ya kwanza, amevaa kitenge kipya, tena kaja na ndoo ya maziwa ya chai ya wageni, zawadi.

Mimi nikaiangalia ile meza nikaona haijachangamka. Yai! Nani atashangaa yai? Kimbelembele kikanipanda.

"Manka," nikamwambia, "tuongeze maziwa ya mama. Wazazi watafurahi, ni kitu wanachokijua."

"Madam, maziwa hatujayajaribu."

"Maziwa hayana wanga, Manka. Hayajawahi kuwa nao tangu dunia iumbwe."

"Najua, ila tujaribu kwanza pembeni."

"Muda hatuna."

Muda ulikuwepo. Mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani, kwaya bado inatafuta sauti, muda ulikuwa tele, ila sikutaka kufundishwa na mwalimu niliyemfundisha mimi. Bilauri zikawa zimejaa zote, nikaenda jikoni, kwenye kapu la vikombe nikachukua kimoja cha plastiki, cheupe, kikavu, nikachota maziwa kwenye ndoo kabla hayajachemshwa, nikarudi natabasamu.

Somo likaanza. Wazazi wachache walijipanga ukutani mle darasani, wengine wengi walikuwa nje chini ya turubai, Bibi Ndeshi kaketishwa kiti cha mbele huko huko nje, karibu na mwenyekiti wa kamati ya shule, na madirisha yetu hayana vioo, kwa hiyo kila kilichosemwa ndani nje kilisikika. Manka alifundisha siku ile, jamani! Sauti yake ilitoka. Ndizi, bluu, watoto wakaitikia, "Ina wanga!" na makofi matatu, maana ndivyo tulivyowazoeza. Chumvi, kahawia, "Haina wanga!" na makofi. Wazazi wanatikisa vichwa kwa furaha, na mimi, badala ya kukaa nikashukuru Mungu, nikasimama.

"Haya ni maziwa ya nani?"

"Ya Bibi Ndeshiii!"

"Mnayanywa?"

"Ndiyooo!"

Nikadondosha iodini, nikakoroga na kijiti mpaka chini kabisa, nikanyanyua kikombe juu ili kila mtu aone. Kabla sijaangalia mwenyewe nikaona macho ya Manka. Nikashusha kikombe. Bluu, ndugu zangu, bluu ya kukoza!

Watoto hawana kosa, walifanya walichofundishwa. Wakaitikia kwa nguvu zao zote, darasa zima, "Yana wanga! Maziwa ya Bibi Ndeshi yana wanga!" na makofi matatu.

Sasa huko nje watu hawakuona iodini, hawakuona kikombe, walikuwa na masikio tu. Na neno hili wanga, mimi nimelisema madarasani mpaka nimesahau kwamba mtu asiye mwalimu akilisikia hafikirii viazi, anafikiria wale wanaotembea uchi usiku kwenye viwanja vya watu. Nikasikia viti vinaburutwa. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Wanasema nani mwanga?" na mwingine akamjibu, "Watoto wamemtaja Bibi Ndeshi. Watoto hawadanganyi."

Nikatoka mbio (hapa nilikimbia, nakubali), nikamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti.

"Ndugu wazazi, tulieni! Wanga siyo jambo la kutisha! Wanga tunao sote, hata mimi asubuhi nimeamka nao!"

Mzee mmoja akavuta kiti chake nyuma.

"Hata watoto wenu hapa shuleni tunawapa wanga kila asubuhi, ili wapate nguvu!"

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" mama mmoja akapiga kelele, akaanza kumwita mwanawe kwa jina la ubatizo atoke mle darasani haraka.

Kuna vijana waliokuwa wanaangua kicheko huko nyuma, na laiti ningekaa kimya pale ingeishia kwenye kicheko. Manka akaja ananivuta mkono, "Madam, sema wanga wa chakula! Wa chakula!" Na mimi jasho linanitoka, akili imeshaniruka, nikasema, nikasema kwa kipaza sauti, spika zikayapeleka maneno mpaka ng'ambo ya mto: "Nazungumzia wanga wa chakula! Wa kwenye unga! Maziwa hayawezi kuwa na wanga mpaka mtu awe ametia unga!"

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Heri ningewaachia ule uchawi! Uchawi wangebishana, padri angewakemea, ungepita. Lakini maziwa yanayoongezwa maji halafu yakatiwa unga yawe mazito, hilo kila mtu analijua, kila mtu alishawahi kuuziwa mahali. Nikamsikia mama mmoja akisema taratibu, "Ndiyo maana yanakuwaga mazito yale." Mama huyo huyo asubuhi alimsifu Bibi Ndeshi kwamba maziwa yake yana mafuta.

Bibi Ndeshi akasimama. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa naomba apige.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi natia unga kwenye maziwa?"

Mimi, mtu wa maneno, nikageuka kumtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mama, kaa, tutaliongea kwenye kamati," na neno hilo kamati ndilo lililommaliza, kwani maana yake ni kwamba kuna cha kuongea. Akaenda jikoni akaichukua ndoo yake, akapita katikati ya watu wote wale na kitenge chake kipya, na watu wakampisha, mnajua wanavyompisha mtu wasiyetaka awaguse.

Nikarudi darasani nikakikamata kile kikombe. Nikamwaga maziwa, nikaingiza kidole. Chini, pembeni kote, kulikuwa na ganda la uji. Uji! Watoto walikunywa uji asubuhi, lile kapu lilikuwa la vikombe visivyooshwa, na uji mweupe ukikaukia kwenye kikombe cheupe huuoni. Kwa hiyo iodini ilisema kweli na maziwa yalikuwa safi, mjinga nilikuwa mimi, mtu wa kwanza kwenye kila semina kuwaambia walimu, osha vifaa, jaribu kwanza, usiamini macho.

Jikoni, kwenye sufuria ya chai, maziwa kidogo yalikuwa yamebaki, hayajatiwa majani. Nikaosha bilauri, nikapima upya, yakabaki kahawia safi kabisa, nikatoka nayo nje nimeinyanyua, "Ndugu wazazi, ni kikombe! Kilikuwa na uji! Tazameni!" Mwenyekiti alishaficha kipaza sauti nyuma ya mgongo. "Madam, imetosha," akasema, na akaiashiria kwaya ianze. Baba mmoja tu ndiye aliyesogea kuangalia. Akaitazama bilauri, akanitazama mimi, akasema, "Sasa si umebadilisha?"

Wiki hiyo hiyo Manka alinishushia sanduku nililomwachia mpaka nyumbani kwangu Rau. Hakutaka hata kukaa. Mume wake alikuwa amepiga simu kutoka Holili, akamuuliza swali moja tu, "Ulimwita mama yangu shuleni aje kuitwa mwizi?" Nikamwambia Manka, kosa ni langu, nitaongea na mumeo, nitaongea na mwalimu mkuu, sanduku baki nalo, watoto watafanyaje? "Watanakili, Madam," akasema. "Kama zamani." Sijawahi kumsikia Manka akisema kitu kwa ubaya, na hata hicho hakukisema kwa ubaya, ndicho kinachoniuma.

Nikapanda kwenda kuomba radhi. Nilimkuta Bibi Ndeshi bandani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akanipa kigoda. Kwenye sufuria kubwa maziwa yalikuwa yameganda, na mengine alikuwa anamrudishia ndama, ndama mwenyewe ameshiba hataki. Nikapiga magoti nikamweleza yote, kikombe, uji, kimbelembele changu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Nani hakosei. Sasa pita na kwa hao wengine uwaambie."

Nikapita. Nyumba kwa nyumba, kihamba kwa kihamba, na mvua ile ya masika, kila mlango naeleza habari ya kikombe na uji kama mhubiri. Na watu wa huko, mnawajua, hakuna aliyenifukuza. "Karibu, Madam, kaa, pole na matope." Wanasikiliza, wanaitikia, "Tumeelewa, Madam, kumbe ni kikombe tu, masikini Bibi Ndeshi, tumemwonea." Wengine walicheka mpaka wakanishika bega. Halafu wananiwekea chai, na kila nyumba niliyoingia, kila nyumba, chai ilikuwa ya rangi. Nilipouliza nyumba moja kama maziwa hamna, mama wa pale akainamisha macho akasema, "Siku hizi tumezoea hivihivi."

Ng'ombe mmoja Bibi Ndeshi ameshamuuza. Sayansi bado nafundisha, kwa sababu sijui kazi nyingine, na ndizi napima, na viazi napima. Lakini nimeapa, na nyie ni mashahidi wangu: kitu chenye mwenyewe, chenye jina la mtu, sitakipima tena mbele za watu mpaka naingia kaburini.