Aliyepika Aonje Kwanza

Zamani mtoto wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, alijifunza kupika akiwa amechuchumaa kando ya bibi yake, akipuliza moto mpaka machozi yanamtoka. Leo ananunua biskuti njiani, anafika shuleni tumbo limejaa hewa.

Hilo ndilo lililomtoa Anatole nyumbani kwake uzeeni. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alipika misheni maisha yake yote, na kusoma alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia chumvi. Mkurugenzi wa shule akampa uwanja wa nyuma, mafiga matatu na darasa la tano kila Ijumaa. Akawafundisha kuloweka muhogo siku tatu bila kuiba hata moja, kuchemsha sombe, majani ya muhogo, bila haraka, na kupanga sahani: bugali, majani, na kitu cha kujenga mwili. Kitu hicho, kwa mtu wa ziwani kama yeye, kilikuwa ndagala, wale samaki wadogo. Hakuwaza kingine.

Alikuwa pia na sheria aliyoachiwa na mama yake: aliyepika aonje kwanza, mbele ya wote, ndipo wengine wanyooshe mikono. Siku hizi nani anajali chakula kimetoka mkono gani?

Darasani alikuwamo Muhoza. Mama yake, Mukankuranga, alishuka naye kutoka Minembwe, kwa wafugaji wa ng'ombe milimani, akawa anauza maziwa ya mgando sokoni. Muhoza alikadiria chumvi kwa kunusa tu. Anatole alishaamua moyoni kwamba siku atakayochoka, mwiko atamwachia huyo.

Ijumaa moja zamu ya kupika ikawa ya Muhoza. Alipika ndagala kwa nyanya na mawese, harufu ikawatoa walimu madarasani. Kisha akamnyooshea mwenzake Ketsia kijiko.

“Onja wewe.”

“Ee! Mpishi anakimbia chungu yake!” Vainqueur, mtundu wa darasa, akapaza sauti. “Batoto, musikule, ameweka sumu!”

Wakacheka. Hapo ndipo Anatole angemkemea Vainqueur. Badala yake akamgeukia Muhoza.

“Sheria ni sheria, binti.”

“Mwalimu, kwetu mwenye kukunywa maziwa hakulake samaki.”

“Hapa ni shuleni, si zizini.”

Kicheko kikaongezeka. Muhoza akafumba macho, akameza, kisha akatapika kwenye majivu. Hakuna aliyegusa chungu. Vainqueur alirudia neno lake, safari hii bila kucheka.

Neno halihitaji pikipiki. Jumatatu lilikuwa sokoni.

“Kama mutoto mwenyewe alitapika chakula yake,” alisema mama Fanny, muuza mboga, “maziwa ya mama yake nani atakunywa?”

Ndoo ya Mukankuranga ikarudi nyumbani imejaa. Kesho yake vilevile. Anatole alipata habari siku ileile ya kwanza. Ilitosha aende pale sokoni, aombe kikombe, anywe mbele ya akina mama wote, aseme: mimi ndiye niliyemlazimisha. Wangemwamini, nusu yao walilelewa kwa uji wake wa misheni. Lakini alikaa ndani akijiambia kwamba watoto wa leo wamedeka, kwamba yeye utotoni alikula alichopewa. Kiburi kilimshibisha siku tatu.

Siku ya nne akaenda. Kwenye meza ya maziwa hakukuta mtu. Akaelekezwa mahali pikipiki zinapoegeshwa, akamkuta mama na mtoto wakifunga godoro.

“Mama,” alisema, “haya maneno yalianza kwangu. Ngojeni niende sokoni niseme.”

Mukankuranga alikaza kamba kwanza.

“Mzee, ulijua tangu Jumatatu?”

“Nilijua.”

“Leo ni Alhamisi.”

Anatole alimtazama Muhoza. Alitaka kumwambia kwamba ndagala zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, lakini hata kuzionja hakuwa amezionja.

“Shikamoo, mwalimu,” mtoto alisema kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtu asiyejulikana.

Pikipiki ikawaka. Muhoza alikaa katikati, kati ya dereva na mama yake, ndoo tupu mapajani, wakashika barabara ya Fizi inayopanda milimani. Anatole alisimama mpaka vumbi likatulia. Hakuwaona tena.