Bibi Niliyemlaza Kuopio

Mimi sinywi pombe, na dawa pekee ninayomeza ni ya presha. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza kwanza nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimechoka, hilo sikatai. Lakini uchovu haulowanishi shuka.

Naishi Shively, hapa Louisville, Marekani. Kwa miaka tisa nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Kazi yenyewe ni kuwaosha, kuwabadilisha nepi, kuwalaza, na wale wasioweza kujisogeza kuwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda. Unamlaza kwa ubavu wa kushoto, unaweka mto katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, unainua visigino visiguse godoro. Saa mbili zikipita unarudi, unamgeuzia upande wa pili. Ukifanya hivyo miaka tisa, mikono inakwenda yenyewe hata kichwa kikiwa kimelala.

Mdogo wangu Riziki yuko Finland, katika mji unaoitwa Kuopio, ambao ziwa limeuzunguka karibu pande zote. Tulitoka Minembwe, kule Kongo, pamoja, tukakaa kambi ya wakimbizi pamoja, halafu kesi zetu zikatenganishwa: yeye akachukuliwa na Wafini, mimi na Wamarekani. Miaka kumi na miwili tulionana kwenye simu tu. Mwaka juzi nikapata likizo ya wiki mbili, mwezi wa sita, nikasema nitaenda.

Maneno yaliletwa na swali la wapi nitafikia. Riziki ana watoto watano na vyumba viwili, na kwake hilo halikuwa swali kabisa: nitalala kwake. Mimi, naona aibu kulisema, nilitaka usingizi. Nilitaka mlango ninaoweza kuufunga, na nyuma yake pasiwe na mtu wa kuniita. Kaka yetu Sadoki, aliye Columbus, akanitafutia kwenye mtandao. Kulikuwa na hoteli katikati ya mji, bei yake haishikiki. Kulikuwa na mabweni ya wanafunzi ambayo kiangazi hupangishwa wageni, bafu la kushirikiana. Na kulikuwa na kijumba cha mbao nje kidogo ya mji, ukingoni mwa ziwa, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mfini. Kitanda kimoja, kimya, basi linapita karibu. Nikachagua hicho.

Mama mdogo wetu wa Buffalo aliposikia alinipigia simu. "Donc, yaani, unapita mlango wa ndugu yako unaenda kulala kwa muzungu? Na maji iko karibu hivyo?" Nikamwambia ni siku tatu tu za kupumzika, kisha nitahamia kwa Riziki.

Riziki mwenyewe hakugomba. Alinipokea kituo cha treni, tukalia, tukaenda kwake tukala, watoto wakinisemesha Kifini nami nikiwajibu kwa Kiswahili. Jioni nilipochukua begi alitazama pembeni. "Yaya," alisema, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "godoro nilikuwa nimesha kutandika." Nilimsikia vizuri. Nikaondoka hivyo hivyo.

Sijui kama umewahi kufika nchi ile mwezi wa sita. Usiku hauingii. Ilikuwa saa nne na nusu usiku na jua lilikuwa bado juu ya ziwa, la manjano, kama saa kumi na moja jioni ya kwetu. Nilivuta mapazia, nikajilaza, usingizi ukakataa. Mwili uliozoea shifti ya usiku, saa hiyo unajua ni wakati wa kuvaa sare. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Ndipo nikamwona.

Mbele ya kijumba kulikuwa na gati dogo la mbao lenye benchi mwisho wake. Pale alikaa bibi mmoja mzungu, mzee sana, gauni la kulalia, miguu mitupu, nywele nyeupe zimelowa zimeshikamana na shingo. Nilijiuliza nini? Sikujiuliza chochote. Niliona mgonjwa aliyetoroka kitandani. Kazini ilitokea kila wiki.

Nikamwendea, nikamwambia kwa Kiingereza, "Bibi, twende ukalale." Akaninyooshea mikono yote miwili, kama wanavyonyoosha wote. Nikampitishia mkono nyuma, nikamwinua.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Nimeosha maiti nyingi. Baridi ya mtu aliyetoka majini ni ya ngozi. Ukimshika kidogo, joto linarudi. Ile ilikuwa baridi nyingine, inayotoka ndani ya mfupa, nami niliitambua mara moja. Watu wote huniuliza hapo: kwa nini hukukimbia? Sina jibu la kupendeza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kukimbia kulionekana kazi kubwa kuliko kumlaza.

Kwa hiyo nikamwingiza kijumbani, nikamlaza. Kitanda kilikuwa kimoja, changu. Nikamfuta miguu, nikamweka ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Muda wote alikuwa haniangalii usoni. Aliangalia mikono yangu, kila ilipokwenda, kama msimamizi anayekagua mtu mpya kazini. Nilipoinua visigino akaitikia kwa kichwa, ndiyo, hivyo. Akasema maneno mawili matatu ya lugha yake, polepole. Nami nikakaa kwenye kiti, nikijiambia asubuhi nitamwita mwenye nyumba.

Kwa mazoea nikaanza kuhesabu pumzi zake. Hakukuwa na cha kuhesabu. Kifua hakikupanda. Macho yalikuwa wazi, yananitazama.

Nikaanza kuliita jina la Yesu kimoyomoyo. Na niamini, mtu anaweza kulala kwa hofu. Nililala palepale kwenye kiti.

Nilipoamka nilikuwa kitandani. Nilikuwa ubavu wa kushoto. Mto ulikuwa katikati ya magoti yangu, mwingine nyuma ya mgongo, visigino vimeinuliwa juu ya taulo lililokunjwa. Soksi zangu zilikuwa zimevuliwa na kuwekwa pamoja kwenye kiti nilichokuwa nimekalia. Shuka chini yangu lilikuwa limelowa maji ya ziwa, lenye harufu ya majani yaliyooza. Mlango ulikuwa wazi, na jua, lile lile, limehamia upande wa pili.

Mwenye nyumba nilimkuta barazani kwake na kahawa, mama wa miaka sitini hivi. Nilimuuliza kama kuna bibi mzee anayekaa naye. Akaweka kikombe chini, akaniuliza neno moja tu.

"Alikugeuza?"

Nikakaa. Akanisimulia kwa Kiingereza chake cha kutafuta maneno. Mama yake alikuwa muuguzi wa usiku kwa wazee, maisha yake yote. Alipozeeka akili ikapotea, lakini kazi haikumtoka: usiku alikuwa akiamka anapita vyumbani anageuza watu, mume wake, wajukuu, hata wageni. Kiangazi kimoja alitoka akidhani anakwenda kazini. Walimkuta majini pembeni ya gati, ameshakufa. Mwenye nyumba alisema wageni wengi hawaoni kitu. "Wewe ni mgeni wa tatu," akasema. "Nyote watatu mnafanya kazi ile ile."

Sikugomba naye. Alikuwa na uso wa mtu ambaye naye hajalala miaka mingi.

Nilimpigia Riziki simu, akaja na basi, akabeba begi langu bila kuuliza. Godoro bado lilikuwa sakafuni, katikati ya watoto wawili. Nililala pale siku zote zilizobaki, miguu ya mtoto mbavuni mwangu, na mchana nilicheka na mdogo wangu kama zamani. Nilidhani yameisha. Siku ya kurudi, uwanja wa ndege, akanishika mkono.

"Yaya, sikutaka kukuogopesha. Kila usiku nilikuwa nakuangalia. Uko unageuka, lakini siyo wewe unajigeuza. Mabega yako yanainuka kwanza. Kama mtu anakushika."

Haijaisha mpaka leo. Hapa Shively mume wangu ameona kwa macho yake: kila baada ya saa mbili nageuzwa, taratibu, kwa ufundi, na asubuhi mto uko katikati ya magoti hata kama nililala bila mto. Sasa analala sebuleni. Mchungaji ameomba, mama mdogo wa Buffalo amefunga siku saba. Mimi nimeacha kazi ya wazee, siku hizi napanga maboksi kwenye ghala huko Okolona, mchana, na nikirudi nalala muda wa saa nane kamili. Naamka nimechoka kama niliyekesha. Siumwi popote. Ngozi yangu, daktari anasema, ni ya mtu anayetunzwa vizuri.

Kinachonitisha siyo yule bibi. Ni mikono yangu. Juzi binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini niliingia chumbani kwake usiku nikamwinua miguu. Sikumbuki kuingia.

Basi nakuambia wewe unayenisikiliza, hasa kama kazi yako ni kulaza watu. Ukifika mji wa ugenini na ndugu yako ana godoro sakafuni, lala hapo, hata watoto wakupige mateke mpaka asubuhi. Na ukimkuta mtu ukingoni mwa maji amekunyooshea mikono, kabla hujamgusa muulize jina lake, usubiri alitaje. Asipolitaja, rudi ndani ufunge mlango.