Nukta za Msumari

Kwa wiki sita nilikuwa mjinga mwenye kioo cha kukuzia. Kila nikitoka zamu yangu ya ulinzi West Bay, hapa Doha, nilikaa kitandani kwangu mtaa wa Al Mansoura, nikaumwaga mkebe wa baba juu ya taulo na kuanza upya: sarafu ishirini na nne za Kimarekani, kuukuu, zimeingia weusi, nami sijui hata moja ina thamani gani.

Baba alikuwa mpishi wa daktari Mmarekani katika hospitali ya misheni kwetu. Daktari aliporudi kwao alimwachia mkebe huo. Tulipomzika baba, kaka yangu mkubwa alinikabidhi mimi.

"Peleka huko kwa Waarabu, kuna watu wa kununua vitu kama hivi. Ukijua bei uniambie, nijue vile nitagawanya."

Nikamuuliza kama na mimi nimo kwenye huo mgao. Akacheka.

"Wewe si ulishakula yako? Mzee aliuza ng'ombe ndio upande ndege. Hiyo ndiyo ilikuwa share yako."

Tulikuwa matangani, si mahali pa kugombana. Lakini maneno yale yaliniuma, na nilirudi nayo Doha. Haikuwa tamaa ya pesa. Nilitaka kujua kama kweli baba alihesabu kwamba tumemalizana siku ile ng'ombe alipotoka zizini.

Simu ikanifundisha kwamba thamani iko kwenye mwaka, na kwenye herufi ndogo inayotaja kiwanda kilichopiga sarafu. Kwenye dola herufi iko chini ya mkia wa tai, kwenye nyingine iko kwingine, kana kwamba waliozitengeneza walitaka kunikomoa. Macho yalinitoka machozi. Kaka naye hakuniacha nipumue. Asubuhi: "Umefika wapi?" Jioni: "Ama umeuza kimyakimya?"

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Karibu na ukingo wa kila sarafu kulikuwa na nukta: nyingine moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Hakuna picha mtandaoni iliyokuwa nazo. Nikajiambia hizi ni adimu, nikaziandika daftarini kwa kalamu nyekundu.

Siku yangu ya ofu nilizipeleka sokoni kwa mzee wa Kihindi anayeuza sarafu za kale. Aliziangalia dakika kumi tu. Nukta si za kiwandani, alisema, ni mtu amezigonga kwa msumari, tena juzijuzi, maana ndani ya nukta fedha bado inang'aa. Haijapita hata miaka mitatu. Sarafu zimeharibika, na yeye angezinunua kwa uzito wa fedha tu, kama bangili iliyovunjika.

Nilirudi nimefura, na hasira yote ilikuwa ya baba. Mtu anaachiwa mali safi, anaipiga misumari. Nilisonga ugali kwa kelele, nikaula bila hamu. Nilipokuwa nikiosha bakuli langu la alumini, lile nililotoka nalo nyumbani, vidole vikapita chini yake.

Nukta tatu.

Kwetu vyombo huazimwa kila penye harusi au matanga, na asiyetia alama hurudishiwa cha mwenzake, au asirudishiwe kabisa. Baba alitia kila chombo alama kwa msumari na nyundo. Mabakuli yetu pia, tusigombane: kaka nukta moja, dada yangu mbili, mimi kitinda mimba tatu. Nimeliosha bakuli hilo Doha miaka saba.

Sikukausha hata mikono. Kazi iliyonishinda wiki sita ilichukua dakika tano. Mafungu matatu, nane nane: kila mmoja dola kubwa mbili, nusu dola mbili, robo nne. Baba alizigawa nikiwa huku tayari, ng'ombe ameshauzwa zamani.

Nililia, na bado nilimkasirikia. Angeweza kusema. Simu alikuwa nayo. Kila Jumapili alinipigia kuniuliza kama nimekula.

Ujumbe wa kaka ukaingia: "Sasa? Bei ni gani?"

Nikazipanga zile nane zake upande wa nukta, nikazipiga picha, nikamtumia. Chini yake nikaandika: "Nenda jikoni, utafute bakuli lako la utotoni, uligeuze."