Mvua ya Baharini Yaanua Mahindi Mtaani Tuwan

Wandugu, leo nimewafanya akina mama wa ploti yetu waanue mahindi kwa mvua iliyokuwa baharini!

Nilikuwa nikimsomea rafiki yangu simuni utabiri wa hali ya hewa wa mwamba wa Pwani tunakopanga kwenda Jumamosi kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Nikapaza sauti, kama mjuavyo: “Leo mvua kubwa saa sita! Jumamosi shwari!”

Nilipotoka nje, turubai zote za kuanikia mahindi zilikuwa zimekunjwa.

Jua linawaka.

“Ati mvua iko wapi?” Mama akauliza.

“Baharini, Mama.”

Jirani yetu, Mama Nekesa, akacheka hadi akakalia gunia. “Si huyu ndiye msomi wetu!”

Mama hakucheka. Na ruhusa ya safari sikuwa nimepewa.

Nikayaanika upya mahindi yote, huku nikihutubia: binti wa mlimani ana haki ya bahari kama alivyo na haki ya shamba!

Mama akayageuza kwa mguu. Kisha: “Hiyo Jumamosi, maji itakuwa nzuri?”

“Mawimbi ya kiunoni, Mama. Upepo mdogo.”

“Basi enda. Lakini mvua yao uwaachie hukohuko.”

Nitasimama juu ya wimbi lile, hata nikianguka mara mia. Anayebisha, aandike hapa chini!