Mtungi Katikati ya Mto

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi inayonirudia kila nikiona vijana wanapita hapa Nyamianda na miche kichwani, wanakwenda kupanda miti milimani. Nilikuwa binti bado, niko kwa mama kule Bwegera, na ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa kuuliza. Mama alinichoka mpaka akasema nitaolewa na mwalimu, wanaume wengine hawataniweza. Maneno ya mama hayo! Lakini kuuliza si ujinga.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, kando kabisa ya mto. Mvua zilizopita zilishusha maji na mawe kutoka milimani, mto ukala ukingo, ukala jiko la mama pamoja na sufuria zake. Baba alikuwa ameshafariki, na hatukuwa na pa kwenda. Mvua zikirudi na kukuta ukingo uko uchi vile, kilichobaki kuliwa kilikuwa nyumba.

Usifikiri hatukuwa tumepanda. Tulipanda! Sisi upande wetu, wa ng'ambo upande wao. Tulichomeka matete na fimbo za mivumu, ule mti ambao ukikata tawi na kulisimika linaota. Lakini kiangazi mto unakauka, unabaki uzi wa maji katikati ya mchanga, na mbuzi wanavuka wanavyotaka. Sasa sikia akili zetu. Kila mtu alilinda miti yake kwa kufukuza mbuzi zake wakale ng'ambo. Na wa ng'ambo wakafukuza za kwao kuja kwetu. Cheka tu, usiogope. Mvua ile iliyokula jiko ilipofika, hakukuwa na mti upande wowote, na watu walikuwa hawasalimiani.

Basi shefu, mkubwa wa kijiji, akaita tena salongo, kazi ya kijiji kizima. Asubuhi ile baridi ilishuka milimani na upepo wa vumbi, watu wamejifunika vitenge mpaka masikio. Kila upande ukasimama kwenye ukingo wake na majembe, umewapa wengine mgongo. Bibi Namwezi, mkongwe wa upande wetu, alikuwa amepika pombe ya mtama, maana salongo bila kinywaji ni adhabu. Akaniita nimsaidie kubeba mtungi. Nilidhani tunaupeleka ukingoni kwa watu wa kwetu, kumbe yeye anashuka moja kwa moja. Tulipofika katikati ya mto akasema, "Tua hapa."

"Hapa mchangani, Bibi? Kwa nini?"

"Weye, mudomo yako haichoke? Tua."

Nikatua. Nikatazama ndani ya kikapu chake: hakuna mrija hata mmoja. Na pombe ile tunainywa wote kwa mirija kutoka mtungi mmoja, hakuna vikombe. Nikauliza tena, tutakunywa na nini?

"Mirija nzuri iko kwa Mzee Batolomeo. Enda umuombe."

Mzee Batolomeo ndiye jirani yetu wa ng'ambo, uso kwa uso na nyumba yetu, na mama alikuwa hataki hata kusikia jina lake. Nikavuka, nikapiga goti, nikamwita Tate, yaani baba, nikasema Bibi ameomba mirija.

Akaniangalia. "Mbuzi ya kwenu ilimaliza mivumu yangu yote."

Mdomo wangu ukanitangulia. "Na ya kwenu, Tate, ilimaliza ya mama. Kwani ulizifukuza kwetu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Akakata mirija, akashuka nayo mwenyewe, na wenzake wakamfuata. Harufu ya mtama ilikuwa imeshawafikia, tusidanganyane.

Wa kwetu nao wakashuka. Bibi Namwezi akafunika mtungi kwa kiganja.

"Mbele ya kunywa, mutu aseme nani alifukuza mbuzi."

Watu wazima wanatazama miguu yao. Halafu nikasikia sauti ya mama nyuma yangu. "Ni minye, mimi mwenyewe. Niliogopa nyumba yangu." Akaanza kulia palepale, mbele ya watu wote. Sikuwahi kumwona mama akilia hadharani, hata kwenye msiba wa baba. Mzee Batolomeo akavua kofia yake. "Na minye pia, mama," akasema, na wengine wakaanza kukiri mmoja mmoja kama kwa padri.

Bibi akatoa kiganja. "Muzuri. Mukimaliza kunywa, mubadilishane. Wa huku wapande kule, wa kule wapande huku. Tuone nani atafukuza mbuzi yake ikule jasho yake mwenyewe."

Ndipo nikaelewa mtungi ulitafuta nini mchangani. Siku ile Mzee Batolomeo alipanda mivumu nyuma ya nyumba yetu, akisukuma kila fimbo kwa uzito wake wote. Mama akapanda kwake. Kiangazi chote mbuzi walifungwa kamba pande zote mbili, na jioni tulivuka na ndoo, kila mmoja akimwagilia alichopanda kwa mwenzake.

Mvua ikarudi, mwanangu, kwa hasira ileile. Mto ulinguruma, ukachukua kipande cha uwanja wetu, tukakaa tumeshikana mikono na mama tukiomba. Kulipopambazuka nyumba ilikuwa imesimama. Maji yalipopungua kidogo, mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mzee Batolomeo, amelowa chepechepe. Hakutupa hata habari za asubuhi. "Mivumu yangu iko?" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nakuambia: kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitaka kulinda ukingo wako, nenda ukapande kwa jirani, naye umwache apande kwako. Mti uliopandwa siku ya picha na soda, halafu hauna wa kuuulizia, ni chakula cha mbuzi tu. Na ukikosea, sema umekosea mapema, mvua haingoji mtu mwenye haya.

Mungu akulindie mlango wako, mwanangu. Akupe watu ng'ambo ya kila mto utakaokaa kando yake, watu ambao mvua ikikatika watavuka na matope yao kuja kukuulizia. Na weye uwe wa kwanza kuvuka.