Mkono wa Milimita

Karakana nzima ya vioo ilimwita Milimita, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Alikuwa akiitupia fremu ya dirisha jicho mara moja tu, anasema, "Hapa pamepinda milimita tatu." Wenzake wakileta mkanda wa kupimia, wanakuta ni tatu kweli, haijazidi wala kupungua. Bosi wake alizoea kusema kwamba fundi yule angekuwa na karakana yake mwenyewe zamani, kama si ule unga.

Maana Milimita alikuwa akitumia unga, tena wa kujidunga, mwaka wa tisa huo. Hakuna aliyemuuliza, na hakuna asiyejua. Akiaga saa nne asubuhi kwamba anakwenda kununua vocha, wenzake walikonyezana. Nyumbani, kwa dada yake alikokuwa akiishi, alitengewa sahani, kikombe na kijiko, vikakaa peke yake juu ya kabati kama vyombo vya marehemu. Dada hakusema sababu, naye hakuuliza. Alijua anadhaniwa ana virusi vya UKIMWI, na la kusikitisha ni kwamba hata yeye alikuwa akidhani hivyo. Hakuwahi kupima. Mara moja tu alijikaza akafika kituo cha afya, mtu wa mapokezi akamtazama mikono kisha akapaza sauti, "Nyie wa sindano mnasubiri kule nyuma!" Benchi zima likageuka. Milimita akatoka kwa mlango aliouingilia, na hakurudi.

Jumanne moja walikuwa wakipakia kioo cha meza kwenye gari. Kikateleza, kikapiga ukingo wa bodi, kikampasua Milimita kiganja cha kushoto. Damu ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mwenzake aliyeshika upande wa pili, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, aliruka nyuma.

"Msimguse! Msimguse jamani, huyo damu yake..."

Hakumalizia. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Redio alizimika mwenyewe.

Milimita alikaa sakafuni, akabana kiganja kwa fulana. "Ni kweli," akasema. "Msiniguse."

Maneno yale yalimuuma kuliko jeraha, maana alikuwa amejihukumu kabla hajapimwa.

Aliyesogea alikuwa Mama Rangi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika majina ya maduka kwenye vioo kwa brashi. Alinawa mikono, akafungua sanduku la huduma ya kwanza ambalo mafundi walikuwa wameligeuza la skrubu, akachakura mpaka akapata glavu na bandeji.

"Niache, mama. Mimi si mtu wa kushikwa."

"Hebu nyamaza. Inua mkono juu ya kifua. Glavu hizi ningezivaa hata ingekuwa damu ya bosi."

Bosi akakohoa. Mama Rangi akakibana kidonda kwa nguvu, akakifunga, kisha akavua aproni yake na kumpeleka kituoni yeye mwenyewe.

Njiani alimweleza habari za mdogo wake, kitinda mimba wa kwao. Naye alikuwa akijidunga. Aliogopa macho ya watu kuliko alivyoogopa maradhi, na alipokubali kupimwa alikuwa amebaki mifupa.

"Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Mama Rangi. "Lakini mdogo wangu hakuficha kwa kupenda. Sisi ndio tuliomfundisha kuficha. Dawa zilikuwepo, mwanangu. Tulichomnyima ni uso mzuri."

Kituoni muuguzi alimshona, kisha akampeleka kwenye chumba kidogo chenye pazia na kumpima. Majibu yalipotoka, Milimita aliomba ayasome mara mbili. Hana virusi. Alilia kama mtoto, na muuguzi akamwacha alie.

"Utarudi baada ya miezi mitatu tuhakikishe," akamwambia. "Kwa sasa chukua sindano safi, usichangie na mtu hata awe ndugu yako. Na hivi ni vidonge vya kinga, kimoja kila siku. Ukitaka kuacha unga, tutakusaidia. Kama bado hujawa tayari, njoo vilevile."

Wiki iliyofuata dada yake alivikuta vile vidonge chini ya mto. "Kumbe ni kweli," akasema, machozi yakimlenga. "Unaumwa, ukanificha."

"Dada, dawa hizi ni za mtu ambaye hana virusi, zinamkinga asivipate. Kama huniamini, twende ukaulize."

Dada alikwenda akiwa amejifunga kibwebwe, tayari kwa ugomvi. Muuguzi alimweleza taratibu, kisha akamalizia, "Na hata angekuwa navyo, virusi haviambukizwi kwa sahani wala kikombe." Dada aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Jioni ile alipakua chakula katika sahani moja kubwa, akamwita, "Njoo tule, kaka," wakala pamoja.

Kazini habari za vidonge zilifika, na aliyezitangaza unamjua. Milimita alipiga moyo konde. Wakati wa mapumziko akaweka kikopo mezani, akawaeleza kila kitu, unga, sindano, majibu ya kipimo. Redio akajikuna kisogo.

"Sasa hizo dawa... hata mtu ambaye hatumii unga anaweza kupewa?"

"Kapime kwanza, watakushauri."

Watu walicheka, lakini Ijumaa Redio aliomba ruhusa ya saa moja. Aliporudi alishika kazi yake kimya. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hiyo ilikuwa heshima mpya pale karakanani.

Mwaka wa tatu sasa. Milimita hupitia kituoni kila asubuhi kunywa methadoni, dawa inayomtuliza mwili usidai unga. Njia haikunyooka. Aliwahi kuteleza miezi miwili, akarudi, na muuguzi akampokea kama aliyetoka safari. Vipimo vyake vyote mpaka leo havijaonyesha virusi.

Juzi alijaribu kumshukuru Mama Rangi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani.

"Mama, mimi bila wewe..."

"Bila mimi ungefungwa bandeji na mwingine," alimkatiza. "Shukrani zako wapelekee wanaosimama nje ya geti la kituo wakiogopa kuingia."

Anazipeleka. Kila asubuhi hufika mapema nusu saa, humsalimu aliyesimama pale kwa kumpa mkono, huingia naye, na hukaa kando yake mpaka aitwe.