Bangili ya Marehemu Gasto

Wakuu, mkutano mzima wa kijiji ulisimama kwa sababu ya kidole gumba cha mtu mmoja.

Mimi nacheka ninapoandika. Bibi yangu Damari siku ile hakucheka.

Ilikuwa 1974, Mungaa. Watu wamehamishiwa kijiji kipya, viwanja na mashamba vinagawiwa. Kila kaya, jina moja.

Babu Gasto alikuwa amefariki mwaka ule ule. Aliacha watoto wadogo, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na bangili pana ya shaba, ya kiume. Damari akaivaa. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyomkaa marehemu.

Shemeji yake, Antipasi, ndugu wa marehemu, jambo hilo likamkera vibaya.

"Shemeji, hilo pambo la wanaume. Linakuharibu."

"Linaniharibu nini, shemeji?"

"Sura."

Sura wapi! Kwenye ukoo wao bangili ile ilivaliwa na mkuu wa nyumba. Antipasi akiingia nayo mkutanoni, kiwanja na shamba vinaandikwa kwake, na Damari anabaki mgeni nyumbani kwa watoto wake.

Asubuhi ya mkutano jamaa akaja na wazee wa ukoo. Damari akaivua. Wazee wameshaamua, angefanya nini?

Antipasi akaisukuma mkononi. Sasa huyu bwana alikuwa na mikono mipana hatari. Ikafika kwenye kidole gumba, ikagoma. Akakaza. Ikanasa hapo hapo, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na mkono ukaanza kuvimba.

Akauficha mfukoni mwa koti, akaenda hivyo hivyo.

"Kaya ya marehemu Gasto," mwenyekiti akaita. "Mkuu wake anyooshe mkono."

Antipasi akanyoosha wa kushoto.

"Ndugu, tuheshimiane. Wa kulia."

Akautoa. Mwenyekiti akautazama weee.

"Hiyo umeivaa au imekukamata?"

Watu hoi. Damari akanyoosha mkono wake, mtupu.

"Ni mimi, ndugu mwenyekiti. Watoto wangu, na jembe nalishika mimi."

Mwenyekiti akawageukia wazee wa ukoo. Kila mmoja akatazama vidole vyake vya miguu. Likaandikwa jina la Damari.

Bibi akaenda kuleta samli, akamkanda shemeji yake mpaka bangili ikatoka. Kisha akaivaa mbele ya wazee wale wale.

Antipasi naye hakukubali kuaibika bure. Kwenye kila kilabu cha pombe akatangaza kwamba bangili za shaba ni urembo wa wanawake, dume halisi halivai. Wanaume wakamwamini, wakazivua. Wake zao wakazichukua wakishukuru.

Bibi alinirithisha ile yake. Juzi nimeivaa harusini, Singida mjini, mjukuu wa Antipasi akanivuta pembeni kwa huruma.

"Kaka, samahani. Hiyo si ya kike?"

Funzo, wakuu: ukiambiwa pambo fulani si lako, uliza kwanza anayekwambia anataka nini.

Mimi sijaivua.